Pipa la Bluu Nyumbani kwa Kaka

Pigo la kwanza la nondo liligonga kizimba.

La pili likanivunja mkono.

Niliusikia mfupa ukilia kwaa! kama kijiti kikavu kinachovunjwa kuwashia jiko... na kabla maumivu hayajafika kichwani, macho yangu yalikuwa yamekwisha kumtambua aliyeishika nondo ile.

Kaka yangu!

Si kaka wa kuitana tu mtaani. Kaka wa tumbo moja. Aliyenilea tangu wazazi wetu walipotutoka, akawa ananisuka mwenyewe kwa vidole vilivyokakamaa saruji, nami nikaenda shule na mistari ya nywele iliyopinda kama njia ya nyoka.

"Damu iko wapi?" alifoka.

"Kaka..."

"Kaka nini! Nimekuuliza, vichupa vya damu viko wapi?"

Ndugu wasomaji, naomba mnielewe jambo moja kabla sijaendelea. Nilichokuwa nakilinda mchana ule hakikuwa shahada yangu. Nilikuwa namlinda mtoto. Mtoto aliyekuwa bado tumboni, wa mtu huyo huyo aliyenivunja mkono.

Naye hakujua!

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, sayansi ya wanyama. Utafiti wangu uliuliza swali dogo tu: dawa ya kuua ukungu wa mazao ikiingia mwilini mwa mama sungura, inamfanya nini mtoto aliye tumboni?

Sungura dume mchanga ana alama yake. Ukimgeuza, umbali ulio chini ya mkia, kati ya tundu la haja kubwa na sehemu ya uume, huwa mrefu kuliko wa jike. Homoni za kiume ndizo zinazourefusha, akiwa bado hajazaliwa. Ukiukuta mfupi kwa dume, basi kuna kitu kilizizuia homoni zile zisifanye kazi yake.

Hivyo kazi yangu ilikuwa kupima umbali huo, na kuchukua damu.

Kaka alikuwa akinicheka mpaka anashika mbavu.

"Yaani chuo kizima kimekosa kazi, mnapima makalio ya sungura?"

Wifi yangu, mkewe, ndiye aliyekuwa akinitetea.

"Mwache mtoto wa watu. Kuna wanaopima makalio ya binadamu kwa macho barabarani, tena hawana hata cheti!"

Kaka alikuwa akigeuzia macho pembeni hapo. Alijua amesemwa yeye.

Nilikuwa na makundi matatu ya sungura wenye mimba. Kundi la kwanza lilikunywa maji ya mfereji unaotoka kiwandani anakofanya kazi kaka. Kundi la pili lilikunywa maji ya bomba la chuo. Vizimba vya chuo vilipojaa, kundi la tatu nikaliweka uani kwa kaka. Wifi akawa analinywesha maji ya pale pale nyumbani.

Kundi moja chafu, mawili safi. Ndivyo nilivyoamini.

Kiwanda chenyewe si kikubwa. Dawa hiyo ya ukungu inakuja katika mapipa ya bluu, inafungashwa kwenye chupa ndogo, inauzwa. Mapipa yakiisha dawa yanasuuzwa, na mwenye kiwanda anawagawia wafanyakazi kama zawadi, wakahifadhie maji. Ndiyo maana mtaa mzima unamwita Mapipa. Na mgawaji, kwa kuwa ndiye msimamizi, alikuwa kaka yangu. Hakuna ua wa mfanyakazi usiokuwa na pipa la bluu, na hakuna ua uliokuwa na pipa zuri kama la kwetu.

Asubuhi ya siku ile nilikwenda kupima watoto wa sungura wa nyumbani. Wifi alinishikia mmoja mmoja, tumbo lake la mimba likimzuia kuinama. Shavu lake moja lilikuwa limevimba.

"Wifi, umefanyaje?"

"Jino."

"Jino linaacha alama ya vidole?"

"Pima sungura wako, wifi. Mimi si sungura."

Nilimaliza kupima na kuchukua damu. Nikachota dumu moja la maji ya pipa, kwa sababu kila kundi ni lazima maji yake yahifadhiwe, nikarudi chuoni na vichupa vyangu.

Nilipoweka vipimo sambamba, nilivisoma mara mbili.

Madume wa bomba la chuo walikuwa sawa.

Madume wa mfereji walikuwa na umbali mfupi. Hilo nilikuwa nimelitarajia.

Lakini madume wa nyumbani, wa wifi, ambao mama zao walikunywa maji "safi"... walikuwa na umbali mfupi kuliko hata wale wa mfereji!

Nikalitazama lile dumu mezani.

Pipa. Pipa la bluu!

Na wifi ni mjamzito. Mimba waliyoitafuta mpaka watu wakachoka kuwauliza.

Nilimpigia wifi. Simu imezimwa. Nikampigia kaka.

"Kaka, njoo chuoni haraka. Nimegundua jambo kubwa kuhusu kiwanda. Siwezi kulisema kwenye simu."



"Nakuja, mdogo wangu."

Ilikuwa Jumapili, chuo kitupu. Aliponigongea akasema amenibebea na chakula. Nikafungua.

Hakuwa na chakula. Alikuwa na nondo aliyobaki nayo tangu enzi zake za ufundi ujenzi. Na nyuma yake, akijifuta jasho shingoni kwa leso nyeupe, alisimama Mapipa!

Sasa mmefika nilipoanzia.

"Msimamizi, dada yako anataka kufunga kiwanda," Mapipa alisema kwa sauti tulivu kabisa. "Mwulize, kikifungwa watu watakula sungura hawa?"

"Kaka, nisikilize! Si kiwanda tu, ni..."

Mapipa alinirukia. Kiganja chake kikanijaa mdomoni, kisogo changu kikagonga ukuta. Kwa mguu wake alisukuma mlango wa kizimba, akainama akamvuta sungura mmoja kwa masikio, na huku bado amenibana kwa kiwiko akambamiza ukutani, karibu na uso wangu.

Damu yake ya moto ilinirukia kwenye kope.

"Unaona?" alininong'oneza. "Shingo ni kitu chepesi."

Kaka alikuwa tayari amefungua friji. Akatoa boksi la vichupa vya damu.

"Ndivyo hivi, bosi?"

"Ponda. Vyote!"

Akaliinua boksi juu.

Nikamng'ata Mapipa. Niling'ata mpaka meno yakakutana na kitu kigumu, akapiga ukelele, akaniachia.

"Ponda, kaka!" nililia. "Ponda! Lakini soma kwanza kibandiko!"

"Usisome upuuzi!" Mapipa alifoka, akinipiga teke la ubavuni. Nilianguka juu ya mkono uliovunjika. Nikaona giza.

Lakini kaka alikuwa amekwisha kusoma. Midomo yake ilikuwa ikicheza.

"Kimeandikwa... Nyumbani. Nyumbani kwa nani?"

"Kwetu," nilisema kutoka sakafuni. "Ni damu ya sungura wa wifi."

"Si ni damu ya wale wanaokunywa maji ya kiwandani?"

"Hapana! Wa kiwandani ni wale kule. Hawa wanakunywa maji yetu. Ya pipa letu, kaka. Ndio walioharibika kuliko wote!"

Alinitazama kama mtu aliyeitwa kwa jina na sauti asiyoifahamu.

"Kuharibika vipi?"

"Wewe ulikuwa fundi. Fundi wa lenta, ile zege inayofunga kuta juu ya madirisha, ana siku yake, au hana?"

"Anayo."

"Ukimzuia getini siku hiyo, nyumba itajengwa?"

"Itajengwa. Itaezekwa hata... ila haina lenta."

"Basi homoni za kiume kwa mtoto aliye tumboni ni fundi huyo. Zina siku zake. Dawa ya pipa inawazuia mafundi getini. Mtoto atazaliwa, atalia, mtamfurahia. Halafu siku moja akiwa mkubwa ndipo mtajua hana lenta. Wala huwezi kubomoa uanze upya!"

"Hao ni sungura," kaka alisema.

"Leo ni sungura. Kwa mtu sijui, kaka. Sijapima watu! Ndiyo maana nilikuita wewe kwanza, kabla ya mtu yeyote!"

Sungura mmoja alikuwa akipiga mguu sakafuni, dup, dup, kama wafanyavyo wakiona hatari.

"Muongo!" Mapipa alisema, akifunga mkono wake kwa leso. "Mapipa yanasuuzwa. Wewe mwenyewe unasimamia, si unayajua?"

"Nayajua," kaka alijibu taratibu.

Akaliweka boksi mezani. Akaliona dumu.

"Haya ndiyo maji yetu?"

"Ndiyo."

Akachukua kikombe changu cha chai, akamwaga chai iliyobaki, akakijaza maji ya dumu mpaka ukingoni. Akamnyooshea Mapipa.

"Kunywa, bosi."

"Acha utoto."

"Mke wangu yuko na mimba, nimempelekea maji haya mimi mwenyewe, nikakupigia na makofi ya shukrani uliponipa lile pipa. Kunywa kikombe kimoja tu, nimalize kazi yako. Nitaponda vyote. Hata huyu nitamponda."

Wasomaji wangu... nilikuwa nimelala sakafuni, uso umejaa damu ya sungura, nami kwa mara ya kwanza nikamwona Mapipa akiogopa kitu.

Hakuiogopa nondo. Alikiogopa kikombe!

"Nina kisukari," alisema.

"Ni maji."

"Sina kiu."

"Nyumbani kwako nimeingia mara nyingi, bosi. Sijawahi kuona pipa la bluu."

Mapipa alikitazama kikombe, akautazama mlango... akakipangua kikombe kwa mkono na kukimbia.

Hakufika. Nondo ilimkuta gotini. Sitawaeleza mlio wake, maana nauota mpaka leo. Alianguka kifudifudi, kaka akamkanyaga mgongoni, akaiinua nondo kwa mikono miwili juu ya kichwa chake.

"Kaka!" nilipiga kelele. "Wifi! Wifi anakunywa sasa hivi!"

Nondo ilibaki hewani.

Kisha akaondoka nayo mbio, nami nyuma yake nikiwa nimeukumbatia mkono wangu kama mtoto mchanga.

Wifi alikuwa uani. Kaka alipoingia na nondo hakusema neno, alikwenda moja kwa moja kwenye pipa, akalipiga! Akalipiga tena! Plastiki ikapasuka kutoka juu hadi chini, maji yakatapakaa ua mzima.

Wifi akajikunja ukutani. Mikono yote miwili tumboni.

"Basi!" alilia. "Basi, sitakwenda tena! Usimpige mtoto! Sitakwenda tena kwa jirani!"

Kaka akageuka.

"Kwenda wapi?"

"Si ndiyo sababu ulinipiga juzi? Kuchota maji bombani kwa jirani..."

Nikaanza kuelewa kabla yake.

"Wifi," nilisema polepole, "wewe hunywi maji ya pipa?"

"Tangu mimba iingie siwezi kuyaweka mdomoni. Yananuka, natapika. Nilimwambia kaka yako, akasema nina maringo, namdhalilisha kwa majirani, nionekane nina mume asiye na maji. Akanipiga. Akavunja na simu yangu."

"Na ya kupikia?"

"Ya kupikia pia nachota kule. Akienda kazini, nabeba ndoo nakwenda kwa siri. Ya pipa nawapa sungura tu."

Nondo ilimtoka kaka mkononi.

Alipiga magoti kwenye matope yale, akamwekea mkewe uso kwenye miguu, akalia kilio ambacho sikukisikia hata siku tulipowazika wazazi.

Wifi hakumgusa. Alikuwa akinitazama mimi, haelewi.

Mnataka kujua yaliyofuata?

Kaka alipita nyumba kwa nyumba, akiyavunja mapipa aliyoyagawa mwenyewe. Nyumba nyingine walimpiga mawe, wakidhani kapandwa na wazimu. Hakurudisha hata jiwe moja. Polisi walimkuta akivuja damu kichwani, ameng'ang'ania ndoo ya mtu ili asichote pipani. Mapipa mwenyewe walimkamata hospitalini, na kesi yake inaendelea. Maji ya dumu langu yamepelekwa kupimwa.

Wengine mtaniuliza, je, na kaka nilimshtaki?

Ndiyo. Kwa mkono wangu, na kwa shavu la wifi. Nampenda, nampelekea chakula, na nimemshtaki. Hayo matatu yanakaa pamoja ndani yangu wala hayagombani.

Mtoto amezaliwa, wa kiume. Daktari anasema hadi sasa yuko sawa, mengine tutayajua akikua, hivyo tunamfuatilia. Siku ya kwanza nilipompakata nilishindwa kujizuia, nikawa namgeuzageuza.

"Haya, mpime makalio, shangazi mtu!" wifi akasema. Tukacheka mpaka mshono wa uzazi ukamuuma.

Nimejifunza mengi darasani, lakini hili nimelipata uani kwa kaka, nami nawaachia.

Watu wawili walikataa kuyanywa maji yale. Mmoja alikuwa anajua, akanyamaza, na tukamwita bosi. Mwingine hakujua lolote, alisema tu kwamba yananuka, na akachapwa kofi kwa kusema.

Mwenzako akikwambia maji yananuka, usiinue mkono. Inamisha pua.