Onyo Lisiloonekana Wodini

Mapenzi nayajua mimi kuliko mtu yeyote. Waulizeni waume zangu wote walionikimbia. Haya, ya hawa wawili ni hivi.

Walikutana mapokezi ya hospitali, watu wamebanana, huyu anakohoa, yule analia. Binti ni muuguzi, gauni jeupe limenyooka kwa pasi. Kijana ni fundi wa kurasa za mtandao, kajipulizia manukato ya kuwatosha watu watatu.

"Kaka, foleni inaanzia kule."

"Siumwi, dada. Nimekuja kuweka kurasa mpya za taarifa za wagonjwa."

"Mbona umeshika kifua?"

"Kimeanza kuuma sasa hivi."

Ikawa simu asubuhi, simu mchana.

"Umekula, malaika wangu?"

"Nitakulaje nawe hukati simu?"

Wakacheka. Kumbe ndani ya kompyuta ya wodi kuna jambo limetulia tuli, linangoja.

Mchana mmoja mama yake fundi akalazwa, kifua kimembana, hata kusema hawezi. Muuguzi akafungua ukurasa wa mama huyo kwenye kompyuta ya wodi: safi, hakuna onyo lolote. Akavuta dawa kwenye sindano. Ncha ikagusa ngozi.

"Usimchome!" Fundi yuko mlangoni, macho kwenye chupa ya dawa. "Hiyo itamuua! Niliandika mwenyewe, kwa herufi nyekundu, kuwa mwili wake unaikataa!"

"Nyekundu iko wapi?"

Haikuwepo. Fundi akafungua ukurasa uleule kwenye simu yake: onyo linawaka kama kaa.

Muuguzi akaiweka sindano chini. "Ukurasa mmoja, nyuso mbili?"

"Kosa ni la kivinjari chenu, hiyo programu mnayofungulia kurasa. Watengenezaji walikubaliana kanuni, vivinjari vyote visome namna moja. Hiki kinajifanyia chake, maandishi kisiyoyaelewa kinayaruka."

"Mgonjwa hachagui kivinjari, mpenzi. Wodi nzima nimeichoma sindano kwa kuiamini kompyuta hii." Akaanza kuvitazama vitanda, kimoja baada ya kingine. Mgonjwa wa dirishani alikuwa kimya mno.

"Ndiyo maana nilikuja kukijaribu, roho yangu. Juzi tu. Onyo lilitokea vizuri, naapa."

Mama akashusha mkono wa gauni lake, maneno yakimtoka kwa tabu.

"Juzi ipi, mwanangu? Juzi si ulishinda kwangu umelala, ukasema kompyuta ya wodini utaijaribu ukipata nafasi?"