Mama Hae-jun Anunua Trekta

Ukungu ulikuwa haujainuka kutoka bondeni, lakini Geum-ok alikwisha kulisha kuku na kuteleka supu ya maharage. Sasa alikuwa akimchua mumewe kiuno kwa dawa ya moto.

"Polepole, Mama Hae-jun! Hicho ni kiuno, si donge la unga."

"Nyamaza. Nani alikutuma ushindane nguvu na pawatila?"

Dal-su aligeuzia uso ukutani. Mwezi wa nne mwaka uliopita pawatila yao kuukuu, ile mashine ya magurudumu mawili ambayo mtu huiongoza akitembea nyuma yake, ilimburura hadi mtaroni ikamlalia. Alitoka mzima, lakini nyonga iliumia. Daktari alimkataza kabisa kazi za kusukuma na kuvuta.

Mashamba yao yalikuwa vipande vidogo vilivyopangana kwenye mteremko wa kijiji cha Dolgogae. Majira ya joto walilima mpunga. Mpunga ukishavunwa, udongo hutifuliwa haraka, kitunguu saumu kipandwe kabla ya baridi kali. Ukichelewa, barafu huukuta mche haujashika mizizi.

Na mwaka uliopita walichelewa. Walimsubiri jirani yao Chun-bae, mwenye trekta kubwa ambalo nusu ya kijiji hulikodi. Alikuja wakati watu wengine wamekwisha kufunika mashamba yao kwa nailoni ya kukinga baridi. Mwezi wa sita mwaka huu, mnunuzi kutoka mjini alivigeuzageuza vitunguu vya Geum-ok kwa ncha ya kiatu. "Hivi ni vya kuponda tu," alisema. Geum-ok aliipokea mbegu ya vitunguu hivyo kutoka kwa mama mkwe wake, na kwa miaka mingi watu walikuwa wakiifuata kutoka vijiji vya mbali. Maneno yale yalimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Siku hiyo ya ukungu, baada ya chakula cha mchana, alimkuta Chun-bae katika ukumbi wa kijiji.

"Shemeji, msimu huu utanilimia lini?"

"Ah, shemeji, subira yavuta heri! Naanza na mashamba makubwa. Hayo yako ni viraka vya suruali."

Watu wakacheka. Geum-ok akacheka nao, kisha akasema, "Viraka ndivyo vinavyomsitiri mtu, shemeji. Lakini msimu huu usihangaike. Nanunua trekta langu."

"Halafu aliendeshe nani? Baba Hae-jun na kiuno kile?"

"Mimi."

Kicheko cha safari hii kilikuwa kikubwa zaidi. Geum-ok alitoka akiwa amesimama wima. Neno lilikwisha kutoka, na neno likitoka halirudi.

Dal-su alipoambiwa, aliinuka kitini akishika kiuno. Kisha macho yakamng'aa. "Basi tununue kubwa kuliko la Chun-bae!"

Kesho yake walikwenda mjini, kwenye uwanja wa mashine zilizotumika. Muuzaji aliwapeleka moja kwa moja kwenye trekta jekundu lenye kibanda cha vioo. Ndani mlikuwa na kipoza hewa na redio. Dal-su alipanda kwa shida, akashika usukani, akasahau nyonga.

"Baba, hili ndilo trekta la mwanamume," alisema muuzaji. "Acha malipo ya awali leo hii, kuna mtu anarudi kulichukua jioni."

Dal-su alitia mkono mfukoni. Geum-ok akamshika kiwiko.

"Baba Hae-jun, shuka kwanza tukale."

"Sina njaa."

"Mimi ninayo. Shuka."

Njiani alimwambia, "Mtu anayekuharakisha kununua hanunui yeye. Twende tukamwone Mwalimu Seol."

Seol Yeon-hui alikuwa mkufunzi katika kituo cha wilaya cha kukodisha mashine za kilimo. Aliwasikiliza, akauliza swali moja tu: "Lango la shamba lenu la juu lina upana gani?"

Mume na mke wakatazamana.

"Basi tusizungumze trekta," alisema Mwalimu Seol. "Tuzungumze shamba. Nitakuja."

Alikuja na kamba ya kupimia. Walipima lango, njia kati ya kingo za mashamba, kona ya kugeuzia, na upana wa mlango wa banda. Trekta jekundu lisingepita langoni. Na hata kama lingepita, lisingekuwa na mahali pa kugeuka.

"Uzito nao ni tatizo," alieleza Mwalimu Seol. "Shamba la mpunga linabaki laini chini hata juu likikauka. Trekta zito litazama, au litashindilia udongo, na kitunguu hakipendi udongo mgumu. Hapa panafaa trekta dogo, linalosukuma kwa magurudumu yote manne."

"Dogo litakuwa na nguvu?" aliuliza Dal-su, kama mtu aliyeambiwa ale nusu sahani.

"Nguvu ya kazi ipi, baba? Taja kazi zako."

"Kutifua udongo. Kutengeneza matuta. Kubeba mbolea na mavuno."

"Linatosha, na linabaki. Ila usinunue trekta kwanza ndipo utafute jembe. Pima vyote kwa pamoja. Jembe zito kuliko uwezo wa trekta litainua magurudumu ya mbele, na magurudumu ya mbele yakiinuka, usukani ni pambo tu."

Kisha akamgeukia Geum-ok. "Nasikia dereva ni wewe. Umewahi kuendesha?"

"Baiskeli."

"Vizuri. Kituoni tunafundisha bure. Ukihitimu, kodi dogo letu ulijaribu kwenye shamba lako mwenyewe. Nguo huijui mpaka uivae."

Geum-ok akaanza mafunzo. Siku ya kwanza aliachia klachi ghafla, trekta likaruka kama mbuzi na kuzimika. Siku ya pili likazimika tena. Wanaume wawili waliokuwa wakisubiri zamu walikohoa kuficha kicheko. Mwalimu Seol hakucheka. "Mguu wako una haraka, Mama Hae-jun. Ufundishe utaratibu unaoutumia kuinua mfuniko wa chungu cha wali."

Mfuniko wa chungu aliujua. Akainua mguu taratibu, na trekta likaondoka kama maji.

Alijifunza kuteremka mlima kwa gia nzito bila kuweka gia huru. Alijifunza kuzima mashine ya kutifua kabla ya kushuka, hata kama ni jani moja tu limenasa, kwa sababu meno yale hayatofautishi jani na mkono. Alijifunza kufunga mkanda na kuinua fremu ya chuma iliyo nyuma ya kiti.

"Trekta likipinduka," alisema Mwalimu Seol, "fremu hii ndiyo inayozuia lisikuponde, na mkanda ndio unaokuweka ndani ya kinga yake. Kimoja bila kingine ni kiatu cha mguu mmoja."

Mpunga ulipoanza kugeuka dhahabu, Geum-ok na Dal-su walirudi uwanjani. Geum-ok alikuwa amepiga simu asubuhi kuulizia matrekta madogo. Muuzaji alikuwa ameweka moja mbele, la kijani, limepakwa rangi mpya, linanguruma vizuri.

Geum-ok alilizima. Akaweka kiganja karibu na boneti. Moto.

"Umeliwasha kabla hatujafika," alisema.

"Nimelipasha kidogo tu, mama, ili msisubiri."

"Injini ikiwa na moto haisemi ukweli. Tutangoja ipoe."

"Itachukua muda!"

"Tumekuja na chakula." Wakaketi kwenye benchi, wakafungua wali wao uliofungwa kwa mwani, wakala bila haraka. Dal-su alimtazama mkewe kwa pembe ya jicho kama mtu anayemwona upya.

Injini ilipopoa, Geum-ok aliiwasha. Ilikohoa, ikagoma, ikawaka kwa tabu huku ikitoa moshi mzito mweupe. Chini yake, tone la mafuta lilianguka kwenye saruji, kisha jingine.

"Rangi nzuri," Geum-ok alimwambia muuzaji. "Lakini sinunui rangi. Lile la bluu pale nyuma je?"

La bluu lilikuwa na mikwaruzo na kiti kilichochanika, lakini lilikuwa baridi kama jiwe. Liliwaka mara moja. Geum-ok aliliendesha kwenye kilima cha udongo nyuma ya uwanja, akasimama katikati ya mteremko, akajaribu breki. Aliinua jembe zito lililofungwa nyuma yake, akazima injini na kulitazama kama linashuka. Halikushuka. Alisoma mita ya saa za kazi, kisha akatazama kanyagio za miguu, maana mita huweza kudanganya lakini kanyagio zilizolika hazidanganyi. Uchakavu wake ulilingana na mita.

"Spea zinapatikana wapi? Na likiharibika msimu wa kupanda, fundi anakuja shambani?"

Muuzaji sasa alimwita kwa heshima na kujibu kila swali. Spea zilipatikana katika mji uleule, na fundi huja hadi shambani. Muuzaji aliandika pia kwamba injini ikisumbua ndani ya miezi ya mwanzo, angeitengeneza yeye. Hapo ndipo Geum-ok alipomwambia mumewe, "Baba Hae-jun, sasa tia mkono mfukoni."

Trekta lilipofika nyumbani, tatizo moja lilizuka. Mlango wa banda walikuwa wameupima upana tu, na fremu ya chuma ilikuwa ndefu kuliko kimo chake.

"Si jambo," alisema Chun-bae, aliyekuja kutazama. "Ifungue fremu uitupe. Mimi yangu niliitoa zamani, ilikuwa ikinivunjia matawi ya mitufaha."

Dal-su alikwisha kushika spana. Geum-ok akaipokonya.

"Wewe! Pawatila imekulalia mara moja, unataka na hili linilalie mimi?"

Dal-su aliona haya. Aliweka kiganja kwenye nyonga yake, akalitazama banda. "Mlango ni mbao tu," alisema. "Lete msumeno." Jioni ile walikata boriti ya juu na kuuinua mlango. Chun-bae, ambaye hakuwa mtu mbaya, aliwashikia ngazi. Kabla ya kuondoka aliuliza kwa sauti ya chini kama fremu za matrekta ya aina yake bado zinauzwa.

Mpunga ulivunwa. Siku iliyofuata, bila kumsubiri mtu, Geum-ok alikagua mafuta na maji, akapaka grisi, akafunga mkanda, akaingia shamba la juu. Udongo uligeuka nyuma yake, mweusi, laini kama unga uliochekechwa. Wanawake waliokuwa wakianika pilipili walisimama kutazama. Bibi mmoja alipiga kelele, "Mama Hae-jun, nipakie na mimi!"

"Kiti ni kimoja, bibi! Nitakulimia bustani yako, hiyo ndiyo lifti yangu!"

Na alimlimia. Vitunguu vyake alivipanda kwa wakati, akavifunika kwa wakati. Barafu ilipofika, miche ilikuwa imeshika ardhi.

Mwezi wa sita walivuta vitunguu. Vilitoka vizito, ngozi yake ina michirizi ya zambarau, kimoja kikijaza kiganja. Dal-su aliketi kivulini akivifunga mafungu mafungu, kazi ambayo nyonga yake iliikubali. Lori la mnunuzi lilisimama barabarani. Mnunuzi akashuka, akainama mwenyewe, akaokota kitunguu kwa mikono miwili na kukinusa.

"Mzee," alisema, "hongera. Umelima vizuri mwaka huu. Tukubaliane bei."

Dal-su hakuinua macho kutoka kwenye kamba yake. Alinyoosha kidole kuelekea shamba la juu, ambako trekta la bluu lilikuwa likiteremka polepole, kofia ya majani ya mkewe ikionekana chini ya fremu.

"Msubiri dereva," alisema kwa sauti ya kusikika hadi kwa majirani. "Shamba analima yeye. Mimi nafunga tu."