Kisasi Kisichokosea Nyumba

Kila siku baada ya masomo, msichana aliyebandikwa jina la Pilipili kwa ukali wake alimpitia shangazi yake kwenye maabara ya hospitali alikofanya kazi, ili waende pamoja wodini kumwona mama.

Siku hiyo mkobani mwake mlikuwa na chupa ya dawa ya kung'arishia nguo nyeupe. Mtaani ulikuwa umevuma uvumi kwamba uvimbe uliokutwa kwenye pafu la mama ulitokana na sigara alizovuta kwa siri. Uvumi huo, Pilipili aliambiwa, ulisikika kwanza kwa fundi cherehani wa kona. Barazani kwa fundi huyo lilitundikwa gauni la bluu la harusi. Pilipili aliwazia doa jeupe likitambaa kifuani mwa gauni, na wazo hilo likampa raha.

Shangazi alinusa. "Mkobani mwako mna nini, mwanangu?"

"Nataka fundi alie kama ninavyolia mimi."

Shangazi hakumkemea. Alimvutia kiti kando ya hadubini, akamweleza majibu ya asubuhi ile. Kila seli hubeba jeni zote za mwili, lakini kila tishu huwasha zile za kazi yake tu. Hizo ndizo alama zake. Sampuli ya pafuni ilikutwa na alama za tezi ya shingo. Saratani ilianzia shingoni, ikahamia pafuni bila kupoteza alama za kwao.

"Sigara haihusiki," alisema. "Na tungetibu pafu, tungempa dawa isiyo yake. Sasa atapewa madini joto yenye mionzi. Seli za tezi huyafyonza popote zilipojificha, na mionzi huziua humo humo."

"Zinakunywa sumu zenyewe?" Pilipili alitabasamu. "Vizuri. Zife zote."

"Zife. Lakini huyo fundi umempima? Maneno yaliposikika ndipo yalipoanzia?"

Pilipili aliufunga mkoba, akamfuata shangazi.

Wodini walimkuta mjomba, mcheshi wa ukoo. Shangazi alipouliza chanzo cha uvumi, mjomba aliinamisha kichwa. Alikuwa ametania kwa kinyozi kwamba dada yake anakohoa kama mtu aliyemaliza pakiti nzima. Watu walicheka, naye akaenda zake. Mama aliongeza kwamba fundi ndiye pekee aliyekuja kumwuliza ana kwa ana kama maneno hayo ni kweli.

Pilipili aliitoa chupa, akalitazama koti jeusi la mjomba.

"Usithubutu," mama alisema kwa sauti ya kukwaruza. "Koti hilo nilimnunulia mimi."

Kesho yake mjomba alirudi kwa kinyozi, akayafuta maneno yake mbele ya wale wale waliocheka. Dawa nayo ilifanya kazi yake, na baada ya miezi michache picha mpya za pafu zikaonyesha uvimbe umesinyaa.

"Hasira yako ilikuwa na haki," shangazi alimwambia Pilipili, akifuta meza ya maabara kwa dawa ya ile chupa. "Ila kabla hujamwadhibu mtu, hakikisha kwanza ubaya ulianzia kwake."