Kadi ya Bi Tunu

Haya alinisimulia Apolonia, rafiki yangu wa Kimara, na mpaka leo hataki nimuulize mara ya pili.

Mwaka 1998 alikuwa anaandikisha wagonjwa kwenye zahanati moja ya mtu binafsi, Temeke. Kompyuta yao ilionyesha mwaka kwa tarakimu mbili tu. Asubuhi moja akaja Bi Tunu, ajuza wa miaka mia, anaumwa kifua, anatembelea mkongojo. Alizaliwa 1898. Kompyuta ikaandika 98, na kwenye umri ikaweka sifuri.

Apolonia akaona pa kuchekea. "Bibi, humu umezaliwa mwaka huu. Nenda chumba cha mwisho ukapimwe uzito na wachanga wenzio."

Foleni nzima ikacheka. Bi Tunu hakucheka. "Kama ndivyo ilivyoandikwa, mwanangu," akasema, akachukua kadi yake akaenda.

Umeme ukakatika. Kwenye korido ya kwenda chumba hicho, isiyo na dirisha, Apolonia akausikia mkongojo ukigonga sakafu, ko, ko, ukienda mbali, kisha ukaanguka. Halafu ndoana ya mizani ya watoto ikaanza kulia, kwii, kwii, kama kuna mtu anabembezwa.

Umeme uliporudi akaenda kuchungulia. Chumbani hamkuwa na mtu. Kanga ya Bi Tunu ilikuwa inaning'inia kwenye mizani, imefungwa fundo la kumpimia mtoto. Apolonia akaipapasa, ndani hamna kitu. Mshale ulikuwa kwenye kilo tatu, na ulikuwa bado unachezacheza, kama mtoto anaporusha miguu.