Keki ya Hedley

Kila siku baada ya shule, Loveday Trezise aliwalisha kuku, akateka maji kwenye tangi, kisha akakaa kwenye ngazi ya mbele kumenya viazi vya chakula cha jioni. Nyumba yao ilikuwa ya mwisho katika mtaa wa wachimba shaba, mjini Moonta, kusini mwa Australia. Baba yake alifia mgodini Loveday akiwa bado mdogo. Kaka yake, Hedley, alikuwa vitani Ufaransa. Vijana wa Australia hawakulazimishwa kwenda. Hedley alijiandikisha mwenyewe, akicheka, akasema atarudi kabla kuku mweusi hajazeeka.

Alhamisi moja mama alikuwa jikoni, nyuma ya nyumba, akioka keki ya zafarani. Ingetiwa ndani ya kopo la bati, kopo lishonewe kitambaa kigumu, na kesho yake mama alipeleke posta lisafiri kwa meli hadi kwa Hedley. Zafarani ilikuwa ghali. Ili kuipata, mama alikuwa akinywa chai bila sukari tangu kiangazi.

Clem Pascoe, mtoto wa jirani, aliegemea ua akimtania Loveday kwamba kwa umenyaji ule watakula maganda na kuwapa nguruwe viazi. Kisha akatazama barabarani.

"Mchungaji anakuja," akasema polepole. "Omba apite."

Naye Clem akakimbilia kwao.

Tangu vita vianze, habari ya kijana aliyeuawa haikuletwa nyumbani na mtu wa posta. Alipewa mchungaji, naye akaileta kwa miguu. Kwa hiyo Mchungaji Rodda, ambaye zamani watoto walimkimbilia wapewe peremende, sasa alipita mtaani huku mapazia yakifungwa mbele yake. Leo alikuwa ameshika kofia mkononi. Alizipita nyumba zote, akasimama langoni kwa kina Trezise.

"Mama yuko, mwanangu?"

Loveday aliinuka. Kisu kilikuwa bado mkononi.

"Hayupo, Mchungaji. Ameenda Kadina kwa mama mdogo. Atarudi kesho."

Mchungaji alitazama moshi uliotoka jikoni. Harufu ya zafarani ilikuwa imejaa uani. Akasema basi atarudi asubuhi, akaondoka akiinamisha kichwa.

Loveday hakulia. Alijiambia kwamba kama mama hataambiwa, basi Hedley bado yuko hai jikoni mle, pamoja na keki yake.

Lakini jioni ile ilikuwa nzito. Mama alishona kitambaa cha kopo chini ya taa akizungumza na mwanawe kana kwamba ameketi mbele yake, akimwambia asiwagawie wenzake keki yote. Alicheka peke yake. Kila sindano ilipopita, Loveday aliona kama inapita mwilini mwake. Walipopiga magoti kusali, mama alimwambia amwombee kaka yake kama kawaida. "Bwana, mlinde Hedley," Loveday akasema. Alijua kwamba sasa alikuwa akimdanganya hata Mungu.

Asubuhi mama alivaa kofia yake ya kanisani, akakumbatia kopo. Hapo Loveday akakumbuka: habari za vita zilifika kwa waya wa telegramu, na waya ulikuwa posta. Watu wa posta walikwisha kujua. Mama angeweka keki mezani mbele yao, akitabasamu, aulize itafika lini.

Alimkimbilia, akamshika sketi langoni.

"Mama, usiende posta."

"Niache, nitachelewa."

"Mchungaji Rodda alikuja jana. Nilimwambia hupo."

Mama hakuuliza alikuja kwa nini. Alikaa chini palepale, juu ya vumbi, kopo likiwa mapajani. Baada ya muda mrefu akatoa sauti ambayo Loveday hakuwahi kuisikia, naye akamkumbatia, wakalia pamoja mpaka Mchungaji alipofika, akawakuta langoni. Aliwasaidia kuinuka, akawaingiza ndani.

Huko ndani, Loveday alimwomba Mchungaji radhi. Mzee yule alitikisa kichwa.

"Harufu ya keki niliisikia, mwanangu. Nilijua mama yako yupo. Nilikuwa nimechoka kuleta habari hizi, nikaukubali uongo wako kwa sababu ulinifaa. Na mimi namwomba Mungu msamaha."

Mama alichukua mkasi, akakata nyuzi alizoshona jana. Alifungua kopo, akamkatia Mchungaji kipande. Mchungaji alikishika kwa mikono miwili, akasema kwamba mwaka huo hakuna nyumba ya mtaa ule iliyomkaribisha hata maji.

"Uje na siku nyingine," mama akamwambia. "Uje bila habari."

Kisha akamgeukia Loveday, akamfuta uso kwa aproni.

"Najua ulitaka kunikinga na maumivu. Lakini jana jioni nilikuwa nacheka, na wewe ulikuwa unafiwa peke yako mbele yangu. Hilo ndilo linaloniuma. Uongo haukunipunguzia msiba, ulinizuia tu kukushika mkono. Siku nyingine, hata likiwa jambo baya kiasi gani, niambie. Tutalibeba wawili."

Usiku walipiga magoti tena. Loveday alianza kama alivyozoea, "Bwana, mlinde," akasita. Mama akamwambia kwa upole aseme kweli, maana Mungu hashtuki.

"Bwana," akasema Loveday, "mpokee Hedley."

"Amina," mama akaitikia, na mkono wake ulikuwa juu ya mkono wa bintiye.