Siri ya Mwosha wa Makorora

Ko!

Kata iligonga mtungi uani. Giza bado, adhana ya alfajiri haijatoka. Nikajua Uweso wangu anachota maji ya udhu. Nikamfunika vizuri binti yetu Sabiha, nikafumba macho...

PAA!

Nilitoka mbio. Mume wangu kalala kifudifudi, kata bado mkononi! Nyuma yake kasimama Mselem, askari wa mtaa wetu huu huu, bunduki inafuka moshi.

"Mselem! Umefanya nini?"

"Namsaka mwizi wa bandarini, shemeji... Kanirukia na panga!"

"Panga liko wapi?"

Uani palikuwa na kata na maji yaliyomwagika tu.

Jamani, sisi watu wa pwani hatulazi maiti. Adhuhuri haijafika, Uweso ameshaoshwa, ameshazikwa. Hakuna aliyekumbuka kumwita daktari! Ushahidi tuliufukia wenyewe, kwa mikono yetu, huku tunasoma dua.

Ikabaki neno langu kwa neno la Mselem. Na yeye ana sare.

Mimi gizani sikuliona jeraha; alilijua mtu mmoja tu, Mzee Idarusi, mwosha maiti. Waliommiminia maji walitazama pembeni, ndiyo adabu.

Nikajifunika kaniki kumwendea. Shangazi Mastura akasimama mlangoni.

"We mtoto! Eda mbichi hivi unatoka? Watu watasemaje?"

"Waseme, shangazi. Mume wangu hasemi tena."

Akanipisha.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Risasi iliingilia wapi?"

Akainamisha kichwa. "Alichokiona mwosha huzikwa na maiti. Usinivunjishe amana."

"Amana ni kumsitiri marehemu aibu yake. Kupigwa risasi ni aibu yake, mzee?"

Akanifungulia mlango nitoke. Nilirudi nalia njia nzima. Mwalimu wetu wa masomo ya jioni alitwambia sheria ni moja, ya askari na ya mchukuzi kama Uweso wangu. Nami nikaamini, mie!

Siku mahakama ilipochunguza kifo kile, Mselem akasimulia panga lake bila kupepesa. Mimi nikasema nilichokiona. Hakimu Mzungu akanong'ona na karani wake, karani akatangaza:

"Yupo mwingine mwenye la kusema?"

Watu wakaangalia miguu yao. Nikaona nimekwisha.

Mara fimbo ikagonga sakafu nyuma yangu.

"Nipo. Mimi ndiye niliyemwosha. Risasi iliingilia mgongoni. Mtu anayekurukia hakupi mgongo."

Mselem akaruka kitini.

"Baba! Unanimaliza!"

Ndiyo, wapendwa. Baba yake mzazi! Makorora nzima ilijua, na ndiyo maana hakuna aliyethubutu kumuuliza yule mzee ila mimi.

Mzee hakugeuka. "Wewe nimekulea, Mselem. Na yule nimemwosha. Ningenyamaza, ningemjibu nini Mola?"

Hakimu akaamuru Mselem akamatwe pale pale, ashtakiwe kwa kuua.

Nilidhani nitapiga vigelegele. Nikamvuta Sabiha kifuani. Uweso harudi, jamani... harudi!

Wenzangu, tusitiri wafu wetu, lakini sitara ya maiti isiwe kichaka cha aliyemuua. Na kabla ya kuzika mtu wa risasi, mwiteni daktari aone, hata jua likizama.

Tulipotoka, Mzee Idarusi alikuwa kaketi peke yake kwenye ngazi za mahakama. Watu walimpita bila salamu, hata sisi tuliomshinda mwanawe.

Sabiha akauachia mkono wangu, akasema kwa sauti, kila mtu akasikia:

"Mama, babu analia."