Barabara Iliyoishia Mlangoni kwa Abdille

Mwenye moyo mwepesi na asogee karibu na mwenzake, maana jambo hili halikungoja usiku. Lilianza mchana, jua la utosi, pale Batula alipochovya kata kwenye mtungi alioujaza asubuhi, na kata ikakwaruza udongo mkavu.

Mtungi haukuwa na ufa. Ndani ulinuka tope bichi, na Garissa mwaka ule wa 1966 ilikuwa imesahau mvua.

"Nani amekunywa maji?" aliuliza. Nyumbani walikuwa watatu tu: yeye, mumewe Abdille aliyekuwa akikoroma chumba cha ndani, na Keinan, kitoto chao kichanga kisichojua hata maji ni nini.

Nyumba ilikuwa nyuma ya duka la Abdille, na duka lenyewe lilitazamana na kioja. Barabara pana ya changarawe nyekundu ya murram, ambayo malori mawili ya jeshi yangepishana bila kugusana, ilitoka nyikani upande wa Wajir imenyooka, ikafika mbele ya mlango wa duka, ikakatika. Kuanzia hapo palikuwa na kichochoro cha mbuzi tu. Ilikusudiwa ifike mtoni, lakini gari moja lilikanyaga bomu huko nyikani, kazi ikasimamishwa, matingatinga yakaondoka. Abdille alisikitika kwa mdomo, moyoni akichekelea. Kila dereva aliyefika mwisho wa njia alisimama, na aliyesimama alinunua chai.

Kesho yake, saa ile ile ya watu kujilaza, Batula alisikia kengele. Zilikuwa kengele za mti wanazovishwa ngamia, nazo zilikuja polepole kwa barabara ile. Alichungulia. Barabara ilikuwa tupu hadi macho yalipochoka, hakuna ngamia, hakuna hata mbwa, ila vumbi lilikuwa likiinuka kidogo kidogo kama linakanyagwa, likasogea, likapita madebe ya lami yaliyoachwa na wajenzi, likafika kizingitini, na kengele zikanyamaza mbele ya miguu yake, na nyuma yake ndani ya nyumba mtungi ukaanza kufyonzwa, taratibu, kwa mlio wa mnyama aliyetoka mbali na kiu.

Kengele moja aliitambua. Ilikuwa na ufa, na sauti yake ilikwama. Ilikuwa ya ngamia jike aliyeongoza kundi la mama yake, Sirad. Kundi lile lilirudi kutoka malishoni likakuta kisima chao kimefukiwa chini ya barabara. Lilisimama juu ya murram likingoja kunyweshwa, likafa limesimama pale pale. Sirad mwenyewe alikuwa sasa katika kijiji cha serikali, ndani ya ua wa miiba, pamoja na wafugaji wengine walioshukiwa kuwalisha shifta, waasi waliopigana na serikali.

Haikupita muda, maziwa ya Batula yakakauka. Keinan alilia bila machozi, midomo ikapasuka. Maziwa ya mbuzi yaligeuka vumbi kabla ya kufika kinywani.

Batula akamwendea Musembi, nyapara Mkamba aliyeachwa kulinda vifaa vya barabara.

"Musembi, kwa nini nyinyi nafukia kisima ya mama yangu?"

Musembi alivua kofia. "Mama Keinan, pole sana. Ramani ilikuwa inazunguka kisima. Ni mzee wako alituambia kimekufa kitambo, hakina mwenyewe, tufukie tukate moja kwa moja hadi dukani kwake."

"Abdille nasema hakina mwenyewe?"

"Mbele yangu, mama."

Batula alirudi nyumbani na hasira. Mumewe alikuwa amemwapia kwamba wazungu wa ramani ndio walioamua.

Alasiri akaja Sheikh Alio, mtu mzima aliyezoea kutoa majini. Akaandika aya kwa zafarani kwenye sahani, akamimina maji ili mtoto anyweshwe kombe. Sahani ikayanywa yote ikabaki nyeupe. Sheikh akarudi nyuma hatua moja, kisha akauinamia mtungi.

"Wewe ni nani?" alinong'ona.

Sauti ikatoka chini, mbali kuliko kimo cha mtungi. "Mlinzi wa kisima. Nyumba yangu mmeijaza vifusi. Nimefuata njia, na njia imeishia hapa. Nina kiu."

Sheikh akamgeukia Abdille, jasho likimtoka. "Ndugu yangu, kifukue kisima. Hakuna dawa nyingine. Mtoto hafiki Ijumaa."

"Nichimbe barabarani?" Abdille alisema kwa sauti ya chini. "Askari wakiniona na sururu watasema natega bomu. Sitapiga pigo la pili." Akamtazama Keinan, akatazama pembeni. "Mungu atatupa mwingine."

Batula hakulia. Kuanzia hapo alimchukia mtu yule, na chuki ikampa utulivu.

Mchana uliofuata Abdille alijilaza kama kawaida. Kengele zilipokuja, Batula alikuwa amesimama mlangoni, mtoto kifuani. Alisema maneno aliyofundishwa na mama yake kumpokea msafiri. "Karibu, mgeni. Umetoka mbali. Mimi na mwanangu ni watu wa kisima chako. Mwenye nyumba yuko chumba cha ndani."

Kitu kikampita. Kilikuwa baridi, kilinuka tope, na kililowesha ukingo wa vazi lake la guntiino. Pazia la ndani likainuka. Batula akasikia kamba ikiteleza juu ya jiwe, ndoo ikishuka, ikashuka tena, ikaendelea kushuka pale ambapo ilipaswa kuwa imeshagonga sakafu, halafu mumewe akaita jina lake mara moja, na mwito ule nao ukashuka.

Kifua chake kikalowa. Keinan akanyonya.

Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wenyeji wawili walipona. Chumbani palikuwa na kisima, mdomo wake wa mawe umechimbika alama za kamba za miaka mingi. Husema pia kwamba njia ya mwongo ni fupi, na ya Abdille mtaa mzima uliiona ilipoishia.

Vita vya shifta vilipokwisha Sirad aliachiliwa, akaja kwa miguu kwa barabara ile ile. Aliyapapasa mawe, akayatambua. Akashusha ndoo.

"Hooyo, mama yangu, ngoja," Batula alisema.

Huko chini mikono miwili iliipokea ndoo, ikaijaza, ikavuta kamba kuashiria iko tayari, jinsi afanyavyo kijana anayewekwa chini ya kisima kuwatekea watu maji. Nje, kengele za mti zilikuwa zimeanza kukusanyika mlangoni.

Sirad aliinama juu ya giza.

"Haraka, mkwe wangu," alisema. "Ngamia wamengoja sana."